Mafungu ya Chachu, Mafungu ya Unga

— Toka mu hii kiti, Constance. Leo njo mwisho yako.

Floribert aliyasema hayo Jumapili baada ya misa, mbele ya watu wote, katika ua wa kuokea mikate, mtaa uitwao Kenia. Aliyasema akitabasamu, mkono mmoja mfukoni, kama mzungu wa ofisi anayemfukuza boi. Na huyo aliyekuwa anafukuzwa ni mchumba wake, jamani! Ndoa ilishatangazwa kanisani.

Constance Mwansa hakuinuka. Kazi ile aliianzisha yeye. Alichimba tanuri ndani ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, akaamsha chachu ya munkoyo, ile mizizi ya kuchachushia pombe, akauza mkate huku wanaume wa mtaa wakimcheka. Kazi ilipokua, unga ukamshinda, akaita watu waulete, kila mmoja apate fungu la kampuni. Lakini mjinga hakuwa. Faida, kila fungu lilipata sawa na jingine. Sauti ya kura ndiyo hapana: fungu la unga lilikuwa na sauti moja, na fungu la chachu, lake yeye mwanzilishi, sauti kumi.

Wenye unga walikuwa na mafungu thelathini, Constance sita ya chachu. Piga hesabu mwenyewe: hakuna aliyeweza kumsogeza.

Hapo ndipo Floribert, karani mwenye Kifaransa cha puani, alipoleta mapenzi.

— Cherie, alimwambia siku moja, bengine banapeana pete. Weye unipe fungu zako mbili za chachu. Iko alama tu ya kama unanipenda.

Na Constance alimpenda, wee! Akisikia kengele ya baiskeli yake, mikate iliungua. Akampa.

Leo alama ikaonyesha meno. Kuna mfanyabiashara wa mjini alitaka kununua ua ule na kubomoa tanuri, na Floribert alishaahidiwa ukubwa. Wenye unga nao alishawalainisha kwa maneno.

— Bantu yangu, Floribert alisema akifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, huyu mwanamuke hata kalasi ya tatu hakumaliza. Anachunga kampuni kama anachunga kuku! Tuuze. Mutakula bila kunusa moshi.

— Na bibi yako atakwenda wapi? aliuliza Mama Hortense, mwenye unga mwenye mdomo kuliko wote mtaani.

— Bibi gani?



— Floribert, Constance alisema polepole, mama yako alikuja kwetu na kuku mbili. Balikula, balicheka. Ilikuwa juu ya nini?

— Eh, Constance! Karani kama miye nioe mwanamuke wa jivu? Nimutembeze mjini, bazungu baulize kama njo mupishi wangu? Nilikuwa nataka fungu. Nimezipata. Sasa pigeni kura!

Wanawake wakasema "yooo!" Constance machozi yalimjia, akayameza. Alinawa mikono, akavuta beseni la unga uliokandwa. Pale kura zilipigwa kwa madonge: kila sauti donge moja juu ya ubao, na jioni madonge yote yanaokwa yanaliwa na wote, washindi na walioshindwa.

Mama Hortense, msimamizi wa kura, akapanga upande wa kuuza madonge thelathini ya wenye unga, wenyewe wakiangalia chini. Floribert akaamuru kwa kidole, maana yeye unga haugusi:

— Muongeze makumi mbili, za fungu zangu za chachu. Inakuwa makumi tano. Ya Constance, makumi ine. Kwisha!

Mama Hortense aliweka donge moja. Akaweka la pili. Akajifuta mikono.

— Endelea, mama! Bado kumi na munane!

— Ya nini? Uko na fungu mbili za unga. Sauti mbili.

— Ni za chachu! Constance alinipa mu mukono!

— Njo ile! Chachu ikitoka mu mukono ya mwenye kuiamusha, inakuwa unga. Faida yake utakula, nguvu yake hapana. Haukusikia siku ya kuingia?

Angesikia wapi? Siku ya kuingia katika kampuni, kila mtu alitia mikono katika beseni moja na kuitamka sheria hiyo kwa sauti, hata kiziwi aliisoma midomoni. Floribert aliogopa kuchafua shati. Alimtuma rafiki yake Donat amkandie, yeye akabaki barabarani akijitazama katika kioo cha gari la watu. Habari ya sauti kumi aliiokota kwenye bia, nusu nusu.

— Makumi tatu na mbili, alitangaza Mama Hortense. Constance, makumi ine. Tanuri inabaki! Wee Floribert, kalasi zote zile, hesabu haikufika?

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka barabara ya Kamalondo. Hata wenye unga waliompigia walicheka, tena wao zaidi.

Floribert akavua tabasamu moja akavaa jingine.

— Cherie, nilikuwa nakupima roho tu. Unajua miye napenda mizaha…

— Fungu zako zinabaki zako, Constance alisema. Mwisho wa mwezi ukuje kuchukua faida, mulango wa nyuma, pamoja na bauzaji ba mikate. Miye sili kintu ya muntu.

— Na ndoa yetu? Padri alishatangaza!

Constance alimtazama kuanzia viatu hadi paji la uso, akikosa mahali pa kusimamisha macho.

— Ile haiko kampuni, Floribert. Mule muko sauti moja tu, yangu. Mama Hortense, washa moto, bantu beko na njaa.