Dinari Chini ya Ulimi

"Kwangu mimi maiti ni kama kabati tu," Inspekta Ulderico Tassi alimtambia Daktari Nuccia, mpasuaji maiti wa polisi. "Nikitoka hapa nakula, nalala fofofo."

Daktari alikuwa amepiga magoti dukani mwa Evaristo Lolli, muuza sarafu za kale, karibu na mto Tevere. Evaristo alilala chali, paji la uso limepasuka. Daktari akamfungua mdomo na kutoa chini ya ulimi dinari ya fedha ya Warumi. Upande mmoja, mungu mke mwenye kofia ya vita. Upande wa pili, ndugu wawili juu ya farasi.

Ndugu mmoja hakuwa na uso. Ulikuwa umesuguliwa, umebaki mng'aro mtupu.

"Nauli ya kuvuka mto wa wafu, kama Warumi wa kale walivyoamini," Daktari alisema. "Aliyemuua alimpenda."

"Porojo za mabibi."

Lakini ladha ya chuma ikamjaa Tassi mdomoni, na hata kahawa haikuiondoa.

Mchana alimhoji Gaspare, mdogo wa marehemu.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Dukani sijafika tangu Jumapili."

"Kaka yako alikutwa na sarafu mdomoni." Tassi alipiga mwayo. "Ya shaba. Ina kichwa cha Nero."

"Shaba?" Gaspare aligutuka kama aliyetukanwa. "Inspekta, hata muuza nyanya hakosei hivyo. Ni fedha ile. Ndugu wawili juu ya..."



"Malizia, bwana. Nani kakuonyesha?"

Gaspare alijifunika uso. "Ilikuwa ya baba. Alituachia sote wawili, akatukataza kuigusa kwa kitambaa. Evaristo akaisugua ing'ae, mnunuzi aipende. Akaufuta uso wa yule mdogo. Eti, 'Huyo ni wewe, nani atakukumbuka?' Akacheka. Mzani wa kupimia sarafu ulikuwa karibu, nikaunyakua."

"Ukamuua, kisha ukampa nauli."

"Ni kaka yangu. Mrudishie, Inspekta. Akikwama ukingoni, ataniita mimi kila siku."

"Hicho ni kielelezo cha mahakama."

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, Tassi alinyemelea chumba cha maiti. Ladha ya chuma ilikuwa bado mdomoni. Akatoa euro mfukoni, akaipenyeza chini ya ulimi wa baridi.

"Samahani, mzee," alinong'ona. "Ya fedha sina."

"Isukume ndani zaidi, Inspekta," Daktari Nuccia alisema mlangoni. "Kabati lako lisije likaitema."