Mbinja Kwenye Simu ya Voi

"Si Voi," Maweu alisema, akaifunika simu kwa kiganja. "Omba Mtito Andei. Lango la Mtito lina barabara nzuri."

"Mimi nataka Voi," alisema Kadzo.

"Tembo ni wale wale, uingilie huku, uingilie kule."

"Sifuati tembo, Maweu. Wajua ninachokifuata."

Munee, karani wa mapokezi, aliwatazama wote wawili, kisha akakiondoa kiganja cha Maweu taratibu na kumwomba opereta wa Mombasa amuunganishe na Voi. Harusi ina mwenyewe, na mwenyewe ni bibi harusi.

Ilikuwa alasiri, mwaka wa tatu wa uhuru, katika hoteli moja ya Diani. Wageni walikuwa wamelala. Kadzo alikuwa mpiga pasi wa hoteli hiyo, Maweu dereva aliyewapeleka Wazungu Tsavo kutazama wanyama. Jumamosi ya wiki iliyofuata wangefunga ndoa katika kanisa la kina Maweu, kule walikohamia Wakamba, Shimba Hills. Tajiri wa hoteli alikuwa ametangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba zawadi yake ni kombi na petroli, siku mbili mbugani, safari hii Maweu aende kama mgeni. Watu walipiga makofi. Maweu peke yake ndiye aliyechelewa kucheka.

Kadzo alikuwa ameolewa kabla. Mumewe, Mwero, mtu wa Kinango kama yeye, alikuwa utingo wa Maweu. Mwezi ule ule bendera ilipopandishwa, wawili hao waliingia mbugani kwa lango la Voi, na Maweu akarudi peke yake na nusu ya shati. Chui, alisema. Matanga yalikaliwa Kinango bila maiti. Aliyemtafutia mjane kazi hotelini ni Maweu. Aliyempelekea mavyaa wake, Mama Dama, unga wakati wa ukame ni Maweu. Basi Kadzo akaja kumpenda, polepole, kama mtu anayezoea giza mpaka macho yakaanza kuona. Alikuwa na sharti moja tu, wafike Voi, amwage maji pale Mwero alipofia, amuage.

Karani wa Voi alikuwa na sauti kubwa hata Munee akaiweka simu mbali na sikio.

"Narudia," ilisema sauti ile. "Maweu wa Diani, dereva. Na Kadzo binti Ngala, wa Kinango, bibi harusi. Harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Hongereni sana. Sasa nawatafutia nafasi ya..."

Kitu kilianguka kule Voi, kama debe la maji. Karani akamgombeza mtu, sauti yake ikaenda mbali. Pakawa kimya. Kisha ikaja pumzi, karibu na simu kabisa, pumzi iliyokwaruza kama tawi kavu likikokotwa juu ya mabati.

Kisha mbinja. Mbili fupi, moja ndefu iliyoshuka.

Kadzo aliijua mbinja ile. Mwero alikuwa akiwaita mbuzi wake hivyo hivyo. Siku za uchumba alizipiga nyuma ya ua wa kina Kadzo, naye Kadzo akajua ni nani bila kuchungulia.

Maweu alikata simu.

"Upepo," alisema. "Waya zinapita porini."

"Upepo haukuwajua mbuzi wa Mwero."

Pwani mtu hapigi mbinja ndani ya nyumba, maana hujui atakayeitika.

Kesho yake adhuhuri Munee alikuja mwenyewe chumba cha pasi.

"Kadzo, simu yako. Mtu hasemi, anapiga mbinja tu."

"Anatoka wapi?"

"Opereta amesema Voi."

Kadzo alikwenda akaishika simu kwa kitambaa, kana kwamba ingemuunguza. Pumzi ile ile. Kitu kilijaribu kuwa neno, kikashindwa, kikafa kama maji yanayozama mchangani. Kisha mbinja tatu. Akaiweka simu chini, na mchana ule akaunguza shuka la mgeni, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Siku ya tatu simu ikalia tena, na siku hiyo hakwenda. Lakini mbinja zilimfuata. Alizisikia ndani ya mvuke wa pasi, akazisikia bombani. Jioni Maweu alimkuta amekaa nje ya chumba cha pasi, mikono kifuani.

"Tuiache hii safari," Maweu alisema, akachuchumaa mbele yake. "Twende Mombasa tu. Tutembee, tupige picha, turudi. Mpenzi, umekonda kwa siku tatu."

"Waogopa nini Voi?"

"Naogopa wewe kuumia."

"Mimi nimekwisha kuumia. Nakuuliza wewe."

Maweu alimbusu mkono. Midomo yake ilikuwa baridi.

"Basi nipitishe Kinango," alisema Kadzo, "nikamwombe Mama Dama radhi kabla ya harusi."

"Kinango njia mbaya. Gari litaharibika."

"Gari gani? Nitakwenda kesho kwa miguu yangu na basi la Kwale. Wewe baki."

Kinango ilikuwa kavu, ardhi imepasuka, ng'ombe wamesimama penye kidimbwi kisicho na maji kana kwamba wanasubiri kuhurumiwa. Dama, mamake Mwero, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mahindi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuomba radhi. Naolewa."

"Na Maweu. Nimesikia." Dama aliweka ungo kando. "Mimi sina kinyongo na mwanamke kuolewa. Lakini keti nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wewe ndotoni wamuona Mwero?"

"Simuoni, Mama."

"Na mimi simuoni. Babake namuona. Wanangu waliokufa wadogo nawaona, wananiomba uji. Mwero, hata mara moja. Nikizimwagia koma za wafu wetu maji, nikataja jina la babake, ardhi yanywa. Nikitaja Mwero, maji yakaa juu. Ardhi hii, Kadzo, ilivyo na kiu. Yakaa juu, yatetemeka, mpaka jua liyakaushe."

Kadzo aliutazama udongo mbele ya kizingiti. Akamweleza habari za simu, yote, na zile mbinja akazipiga kwa sauti ndogo. Mama mtu mzima alifumba macho.

"Koma hazipigi simu, mwanangu," alisema Dama. "Rudi Diani, umuulize. Ukajue kwanza unaolewa hali u mjane au hali una mume."

Kadzo alirudi Diani mchana wa siku ya pili yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja mapokezi.

"Niombee Voi, Munee."

"Kadzo, achana na mambo haya."

"Niombee."

Karani wa Voi alipopokea, Kadzo hakumpa nafasi.

"Bwana, kuna mtu anapiga simu hapo kwenu na hasemi. Nani huyo?"

"Ah, yule bubu?" alicheka karani. "Mfagiaji wetu. Tumemgombeza, lakini kila nikitoka yuko simuni. Si mtu mbaya. Uso ndio unatisha wageni kidogo."

"Mpe simu."

Pumzi ilikuja. Kadzo alijishikilia mezani.

"Mimi ni Kadzo," alisema. "Kama u shetani, nakuomba kwa jina la Mungu uniondokee. Kama ni wewe Mwero, usiseme. Nakuuliza, wewe piga mbinja. Ni wewe?"

Mbinja moja, ndefu.

"Siku uliyonichukua kwetu, mamangu alikataa kutoka ndani. Sivyo?"

Mbinja.

"Alitoka, akacheza?"

Kimya. Mamake Kadzo hakutoka. Hakucheza.

Kadzo alianza kulia bila sauti. Alipogeuka, Maweu alikuwa mlangoni na ufunguo wa kombi mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Ulijua," Kadzo alisema.

"Kadzo, nisikilize."

"Ulijua, Maweu?"

Maweu alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo lisiloruhusiwa, na Munee hakumkataza.

"Tairi lilipasuka," alisema. "Akashuka yeye. Chui akamrukia shingoni. Mimi nilikuwa ndani na injini inaunguruma. Nikaondoa gari kwa tairi lile lile. Nilirudi na askari siku ya pili yake, tukakuta damu na shati. Naapa nilidhani amekufa."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilisikia kwa madereva kwamba kuna mtu Voi ana kovu shingoni, warina asali wa Kiwaata, wakaao porini, walimwokota wakamtibu. Sikwenda kuhakikisha. Tayari nilikuwa nakupenda. Kila siku nilisema nitakwambia kesho."

"Ukanipangia safari ya kupitia Mtito."

"Nilikupenda, Kadzo. Hilo si uongo."

"Siku zote hizi," alisema Kadzo, "nilikuwa nakuhurumia. Nilidhani huzuni yako ni ya rafiki aliyekufa."

Akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya meza ya mapokezi, akaomba ruhusa kazini.

Alimpitia Dama Kinango, wakapanda basi mpaka Mariakani, na Mariakani wakapata treni. Walifika lango la Voi asubuhi, ukungu mwekundu wa vumbi ukiwa bado chini. Mtu alikuwa akifagia mbele ya ofisi, mgongo kwao, shingo imefungwa kitambaa. Bega la kushoto lilikuwa juu kidogo. Mwero alibeba maji kwa bega hilo tangu utotoni.

"Mwero," aliita Kadzo.

Mtu yule aligeuka. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevutwa chini kama nguo iliyoshonwa vibaya. Alimuona Kadzo, na macho yake yakajaa. Kisha akamuona aliyesimama nyuma ya Kadzo. Ufagio ukamtoka mkononi, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukuta ukamzuia.

"Mama," alinong'ona, na mnong'ono ule ulitoka kama mchanga. "Usinisogelee. Wewe umekufa."

"Mimi?" alisema Dama.

"Umekufa kwa majonzi. Umezikwa kando ya babangu."

Kwa siku zote hizo waliogopa yeye kuwa mzuka, na yeye alikuwa akiishi na mizuka yao.

"Nani alikwambia hivyo, mume wangu?"

"Maweu. Alikuja hapa mwaka jana, wageni wake wakinywa chai. Alinikuta nafagia, ndio kwanza nimepona, natafuta nauli ya kurudi." Alipumzika, akameza mate kwa taabu. "Akasema mama amekufa. Akasema wewe umeolewa Lungalunga na una mtoto. Nikirudi na uso huu, nitaivunja nyumba yako bure. Alilia, Kadzo. Alilia akanipa shati lake."

"Nawe ukakaa."

"Niende wapi? Kwa nani? Halafu karani akataja jina lako. Kadzo wa Kinango, bibi harusi, na huyo huyo Maweu. Nikajua hukuolewa Lungalunga. Nikataka kusema. Askari wa lango aliniombea opereta, lakini sauti yangu haifiki kwenye simu." Akashusha macho. "Hukulazimika kuja. Nitazame vizuri kabla hujasema lolote."

Kadzo alimsogelea. Alimtazama vizuri, kama alivyoambiwa, bila haraka, kovu kwa kovu. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

"Nimekutazama," alisema. "Nitahitaji siku kadhaa kukuzoea. Nawe utanizoea mimi, maana nilikuwa naenda kuolewa na mtu mwingine, na nilimpenda. Sitakuficha."

"Sikulaumu."

"Basi chukua vitu vyako."

Dama ndiye aliyekuwa hajasogea. Mwero alibaki akimtazama kwa jicho la mashaka, mpaka mama mtu mzima aliponyoosha mkono wake wenye sugu za mchi, naye akaugusa kwa ncha ya kidole, akaukuta una jasho.

Karani wa sauti kubwa alitoka ofisini kuuliza kama bado wataingia mbugani, maana nafasi ipo. Mwero alitikisa kichwa. Humo, alinong'ona, haingii tena.

Maweu hakuonekana tena Diani. Kombi lilikutwa limeegeshwa Likoni, limeoshwa, ufunguo ndani. Wengine walisema yuko Mombasa bandarini, wengine Kitui. Kadzo hakuulizia.

Siku walipofika Kinango ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Habari ilitangulia, na walipotokea watu walipasuka pande mbili. Wanawake waliwafunika watoto macho. Wazee waliokula katika matanga ya Mwero walisimama na fimbo zao, hakuna aliyesalimia. Mwero alijivuta kitambaa usoni, akataka kurudi.

Kadzo alimshika mkono. Kwa mkono wa pili alikifungua kile kitambaa mbele ya kila mtu, akakiweka begani mwake.

"Ni mume wangu," aliwaambia. "Mlimzika hayupo. Mguseni, ana joto."

Kisha muuza uji mmoja, Mwanapili, aliweka kata yake chini, akafuta mikono kwa leso, akaja mpaka mbele ya Mwero, akamwekea kiganja shavuni, upande ule ulioharibika.

"Ana joto kweli," alisema Mwanapili, akageuka kuwatazama wenzake. "Na ana njaa. Mwacheni apite."