Malimau ya Mama Androulla

Kila asubuhi Bi Glenys alimgombeza jogoo wangu, na kila asubuhi jogoo wangu alimpuuza. Ndivyo tulivyozoeana. Yeye na mumewe, Emlyn, walitoka Uingereza baada ya kustaafu. Wakapanga nyumba iliyopakana na yangu, hapa Incirdere, kaskazini mwa Saiprasi.

Kisiwa chetu kimegawanyika. Sisi Waturuki tuko kaskazini, Wagiriki wako kusini, na katikati pana mpaka wenye askari. Wakati wa vita kila mtu alikimbilia upande wa wenzake, akaacha nyumba yake. Ile waliyopanga kina Glenys iliachwa na Wagiriki. Serikali ya huku ikampa Bwana Ersoy, ambaye naye alikimbia kutoka kusini. Lakini sisi wanakijiji hatuna habari na makaratasi. Mpaka leo tunaiita nyumba ya kina Androulla.

Na Androulla mwenyewe alikuwa akija. Tangu njia za mpakani zifunguliwe, kila msimu wa malimau alivuka mpaka, akasimama langoni na fimbo yake. Kwetu mtu kama huyo haachwi nje. Anapewa kiti na kahawa, na mfuko wa malimau ya milimau aliyoipanda baba yake. Siasa inabaki barabarani. Glenys aliishika desturi hiyo kuliko sisi wenyewe. Wale wawili walikaa mezani wakicheka mpaka mimi naona wivu.

Mwaka mmoja Bwana Ersoy akasema anauza. Emlyn akaja ukutani kwangu amejaa furaha.

"Tutauza ile ya kwetu Uingereza, tununue hii," akasema. "Nimechoka kupanga. Nataka kufia chini ya milimau ile."

"Usife kabla hujanirudishia ngazi yangu," nikamjibu.

Wiki ileile Mama Androulla akaja. Glenys hakuweza kujizuia.

"Mama Androulla, nina habari njema! Tunainunua nyumba! Sasa utakuja kwetu siku zote."

Mama Androulla akaweka kikombe chini.

"Mnainunua kwa nani?"

"Kwa Bwana Ersoy."

"Mimi sijaiuza, mwanangu."

Hakupaza sauti. Aliinuka, akaacha mfuko wa malimau mezani, akaenda zake. Glenys akamkimbilia na mfuko mpaka barabarani. Yule mama hakugeuka.

Glenys akaja kwangu analia. "Nimesema nini kibaya, jamani?"

"Mchukue mumeo," nikamwambia. "Twende kwa muhtari."

Muhtari ndiye mkuu wa kijiji. Wetu ni Nazire, mwalimu mstaafu. Ndiye anayetoa barua za wakaazi, na hapendi kukatizwa.

"Hati ya Ersoy ni ya aina gani?" akauliza.

"Hati ni hati," Emlyn akasema. "Ina muhuri."

"Muhuri hata mimi ninao. Sikiliza. Kuna hati za Waturuki za tangu kabla ya vita. Hizo hazina ugomvi mkubwa. Na kuna hati zilizotolewa baada ya vita, kwa ardhi ya Wagiriki waliokimbia. Huku zinakubalika. Kusini, na karibu dunia nzima, mwenye nyumba bado ni yuleyule wa zamani."

"Sasa atanifanya nini?"

"Anaweza kukushtaki kusini. Wapo walioshtakiwa. Na kesi inaweza kukufuata mpaka kwenu."

"Lakini mwanasheria alisema hakuna tatizo!"

"Mwanasheria wa nani?"

Emlyn akakuna shingo. "Wa Bwana Ersoy."

"Umempa fisi bucha alinde," Nazire akasema. "Na kibali cha ukaazi mnacho?"

Hapo Emlyn akachangamka. "Tunacho! Tunavuka mpaka kule mjini Lefkoşa, tunakunywa kahawa upande wa kusini, tukirudi tunagongewa muhuri mpya."

"Huo ni muhuri wa mtalii, bwana wee! Umekunywa kahawa tu, ukaazi hujapata. Siku wakikuzuia, utalala pale mpakani? Kibali kinaombwa. Mnahitaji barua yangu, mkataba wa nyumba, kupimwa afya, na ushahidi wa kipato. Na kusini wana sheria zao kuhusu nani anaingia na anakaa muda gani. Ulizeni kabla ya safari."

"Lakini Ersoy si mwizi," Glenys akasema taratibu.

"Nani kasema ni mwizi? Baba yake aliacha shamba kule. Mlango wa mama yangu uko Baf, kusini kulekule, anaufungua mtu mwingine. Sisi tulitupwa humu na vita. Ninyi mnaingia kwa miguu yenu."

Tukarudi nyumbani. Hata Emlyn hakuwa na mzaha siku ile.

Walitafuta mwanasheria wao wenyewe. Akasema yaleyale ya Nazire. Basi hawakununua. Wakapanga nyumba ndogo karibu na kisima, ya mzee Hüsnü, ambayo ukoo wake una hati yake tangu kabla ya vita. Wakaomba vibali, wakapata. Emlyn alipougua mapafu mwaka jana, binti yao alikuja kumuuguza, na hakuna aliyewasumbua kwa lolote. Nyumba yao ya Uingereza ipo salama. Sasa Emlyn akimwona askari wa mpakani, yeye ndiye anayetangulia kusalimia.

Nyumba ya kina Androulla aliinunua mtu mwingine, ambaye hakumwuliza yeyote. Alikata milimau yote akachimba bwawa la kuogelea. Nililia siku ile, siwafichi.

Msimu uliofuata Glenys alikaa langoni kwangu, kikapu cha malimau yangu mapajani, macho barabarani. Akaja kesho yake, na siku nyingine nyingi. Mama Androulla hakuja. Simu yake hatukuwa nayo, wala jina la mtaa wake.

"Njoo ndani, jua kali," nikamwambia.

"Nilimwuliza kila kitu," akasema. "Wajukuu, magoti yake, anavyopika dengu. Miaka yote ile yuko mezani kwangu. Nyumba ile ni ya nani, hilo tu sikumwuliza."