Doa Linalochelewa

Mrija-umeme ulining'inia chini ya kituo cha angani, waya wa kilomita ishirini ukinywa umeme kutoka kwenye mvuke wa Enseladasi. Mwezi huo wa barafu ulifoka mvuke kupitia nyufa zake za kusini. Mwanga wa jua na chembe za angani viliutia mvuke chaji, kisha uga wa sumaku wa Zohali, unaozunguka kwa kasi pamoja na sayari yake, ukaukokota. Hapo ndipo mkondo wa umeme ulipozaliwa. Sehemu ndogo iliwapasha joto watu mia nane wa kituo. Uliobaki ulikimbilia ncha ya Zohali na kuacha huko doa la mwanga.

Wakwangua barafu waliliamini doa hilo kuliko mkubwa yeyote. Likiwa hafifu, walitoka kusafisha waya. Likikolea, walirudi ndani kabla mkondo mkali haujawaunguza.

Siku hiyo lilikuwa hafifu, na Sefu alikuwa nje, katikati ya waya. Mama yake, mhandisi Ghanima, alikuwa zamu kwenye mitambo. Yeye alitazama kipimo cha nyufa. Mvuke ulikuwa umeongezeka maradufu.

Akamwita kwa redio arudi. Sefu akajibu kwamba doa halijabadilika, na amebakiza kipande kidogo tu.

"Doa linachelewa," Ghanima alisema. "Mkondo unachukua dakika kadhaa kufika Zohali. Hilo unaloona ni la zamani. Rudi."

"Mama, wenzangu wanasikia. Watanicheka."

"Wacheke. Rudi."

Alianza kurudi, lakini taratibu mno. Ghanima akashika swichi kuu. Msaidizi wake, Mkude, akamkumbusha kwamba kukata umeme ni kuzima joto, na mtambo huchukua saa nyingi kuwaka tena. Mchicha na maharage ya bustani, chakula cha miezi, vingeganda vyote.

Ghanima akakata.

Giza likaingia. Kwenye redio ya betri walimsikia Sefu akihema, akiuliza kwa nini waya umeacha kutetema. Walikuwa wakitazama skrini ya dharura, ambako dakika kadhaa baadaye doa lilikolea ghafla, jeupe, kubwa kuliko walivyowahi kuliona.



"Mama Sefu," Mkude akasema, "angekuwa mwanangu, ungekata?"

Baridi ilishaanza kumuuma Ghanima vidole.

"Sijui," alisema, akainuka kumpisha. "Kesho ni zamu ya mwanao kutoka kwenye waya. Keti wewe hapa."