Ngozihewa ya Sekela

Ngozihewa ilianza kazi kabla Sekela hajapanda hata kilima cha kwanza. Vinyweleo vya nguo hiyo, matundu madogo kuliko tundu la sindano, vilifunguka vyote mgongoni na kifuani, vikaruhusu baridi ya asubuhi ya Mbeya kupenya. Wenzake waliompita kwenye baiskeli walikuwa wakavu na wenye joto, vinyweleo vya nguo zao vimejifunga. Yeye meno yalikuwa yanagongana.

"Imeanza tena, Mama," alimwambia mama yake aliyemfuata nyuma kwa baiskeli.

Ngozihewa ndiyo nguo iliyofuta fulana, sweta na koti. Kila aliyeendesha kwenye Barabara ya Pedali, inayopanda kutoka Mwanjelwa hadi ukingo wa Kawetire, alipewa moja bure na kulazimika kuivaa. Mwili ukichemka, vinyweleo vinafunguka. Ukipoa, vinajifunga na kitambaa kinajipasha joto. Taarifa zote zilikwenda kwa Mratibu, akili unde iliyosimamia barabara hiyo. Tayari Mratibu alikuwa ametoa onyo la mwisho: mwili wa Sekela unachemka kupita kiasi, na ukichemka tena leo, kibali chake kinafutwa. Chuo cha ufundi kiko juu ukingoni, na njia nyingine haipo. Bila kibali hakuna chuo.

Mama yake, Atuganile, fundi wa karakana ya baiskeli ya jiji, hakuwa mtu wa kubembeleza. Wiki nzima alikuwa amemwambia binti yake apunguze chapati na aache kulala mchana. Jana, kwa kuwa juzi mtoto alirudi akitetemeka, alimvalisha sweta la sufu ndani ya ngozihewa, kama alivyovalishwa yeye na mama yake kila msimu wa baridi. Sekela alirudi amelowa jasho, midomo ya bluu. Ndipo Atuganile alipoacha kusema. Asubuhi hii alivaa ngozihewa aliyoiazima karakanani, akatupa nguo kadhaa kwenye begi, akamfuata. Mwili mnene alikuwa nao kama bintiye, ila kazi yake ilikuwa chini karakanani. Barabara hiyo hakuwahi kuipanda.

Haikumchukua muda. Aliinamia usukani kushika mlima, na upepo ukampiga kifuani kama mtu amefungua dirisha. Akainuka, upepo ukakata. Akainama, ukarudi. Alishuka kwenye baiskeli katikati ya njia, akaingiza vidole kiunoni mwake, mbele, mahali kilipokaa kihisi, kifaa cha kupima joto la mwili, kidogo kama punje ya maharage.

"Shuka. Inama," alimwambia Sekela.

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame. Inama."

Sekela aliinama. Tumbo lake lilijikunja, likakifunika kihisi chote. Mle ndani ya mkunjo palikuwa na joto la kwapa la mtoto mchanga. Kihisi kilikuwa kinapima mkunjo, na ngozihewa ilidhani mwili mzima unaungua. Watu waliotumiwa kuifundisha nguo hii walikuwa na matumbo yasiyojikunja. Ndiyo hayo tu iliyoyajua.

Kukibandua kihisi kwenye nguo hakukuwezekana. Ukikichokonoa, baiskeli inajifunga. Atuganile alipekua begi akisonya. Alimwingiza binti nyuma ya kibanda cha maji, akamvua sweta ambalo Sekela alikuwa amelirudia kwa kuogopa baridi, akampa fulana nyembamba ya michezo, ndefu mgongoni, isiyoshika maji. Juu yake akamrudishia ngozihewa, akaivuta hadi kihisi kikakaa juu ya mbavu, pasipojikunja. Tumbo lililobaki nje lilifunikwa na fulana. Mwisho kizibao cha kuzuia upepo, zipu wazi.

"Nitaganda."

"Anza na baridi. Ukianza na joto utafika umelowa. Zipu utaifunga ukifika juu, si sasa."

Sekela alijitazama. "Nimekuwa mfuko wa viazi."

"Viazi vinafika sokoni. Panda."

Walipanda. Atuganile alikuwa nyuma, akihema, akitazama mgongo wa binti yake kama anayetazama maziwa jikoni. Kila kona alingoja sauti ya Mratibu. Sauti ilikuja ukingoni, kwenye lango la chuo, tulivu kama kawaida: mwendeshaji yuko salama, kibali kinaendelea. Sekela alifunga zipu, akaingia ndani akikimbia kwa kuwa alikuwa amechelewa.

Atuganile hakupumzika. Alifunga kizibao chake, akageuza baiskeli, na hapo ndipo alipoiona nguzo ya kuegeshea iliyoandikwa kwa rangi, kwa mkono: Mama Nsungwa. Utando wa buibui ulikuwa umeizunguka.

Mama Nsungwa aliuza maharage ya kuchemsha hapa, na wanafunzi walimpenda. Mwanamke mkubwa, mcheshi. Mratibu alimfutia kibali kwa ugonjwa wa joto, na Atuganile ndiye aliyetumwa kuchukua baiskeli ya jiji nyumbani kwake. Alikumbuka alichomwambia mlangoni, bila kuulizwa: punguza ugali, mama. Mwenzake alicheka, akatoa ufunguo.

Aliteremka mlima haraka kuliko inavyoruhusiwa. Alipita karakana bila kusimama.

Mama Nsungwa alikuwa ameketi uani kwenye jua, masweta mawili mwilini, fimbo pembeni, bakuli la dawa za miti shamba miguuni. Tangu siku ile hakupanda popote. Daktari wa kumwambia ni mzima hakumtafuta. Nguo ilikuwa imeshasema.

"Fundi," alisema polepole. "Baiskeli mlichukua. Leo umefuata nini?"

Atuganile aliweka begi chini. Alikuwa na fulana moja tu iliyobaki, akaitoa.

"Hukuwa mgonjwa," alisema. "Vua hayo masweta."