Bi Kanuni na Fundi Kunguni

Siku ya kutangazwa kanuni mpya za viuatilifu, ngazi za ofisi za jimbo zilikuwa zimejaa watu tangu saa mbili asubuhi. Wenye maduka ya dawa za mashamba, wapulizaji wa maghala, wauza mabomba, wote walibanana kwenye mlango mmoja, leseni mkononi. Asiyesaini mahudhurio siku hiyo haongezewi leseni, kwa hiyo hata wagonjwa walikuja.

Katikati ya msongamano huo alikuwamo kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa. Mji mzima ulimwita Fundi Kunguni, maana kazi yake ilikuwa kupulizia dawa mabweni, hoteli na nyumba za kupanga. Jina hilo hakulionea haya. Alisema kunguni wamemsomesha na kumvisha, atawakanaje?

Mbele yake alipanda dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, amekumbatia boksi zito. Alipofika ngazi ya tatu kutoka juu, kitako cha boksi kikafumuka. Vijitabu vikamwagika hadi chini. Watu wakaviruka. Fundi akainama.

"Pole dada. Wamekubebesha mwenyewe mzigo wote huu?"

"Wenzangu wametangulia na mengine."

"Kuna mengine tena!" Akavipanga vijitabu, akalitia boksi begani. "Kila mwaka vinanenepa. Huyo Bi Kanuni wenu anayeviandika anakula nini? Nasikia hata akiota, ndoto yake ina vifungu."

"Mimi nimesikia na kukoroma anakoroma kwa aya," alijibu yule dada, uso mkavu kabisa.

Fundi alicheka hadi boksi likayumba. "Wewe ni mtu wa ndani, mwambie basi. Sisi tunaua wadudu, yeye anatuua sisi kwa karatasi."

"Nitamfikishia. Weka hapo mezani. Ahsante, kaka."

Fundi akatafuta kiti safu ya pili, huku akijilaumu kwa kutomuuliza jina. Hakujilaumu kwa muda mrefu. Yule yule wa gauni la kijani alipanda jukwaani, akasogeza kipaza sauti, akasema:

"Mabibi na mabwana, kuna mwenzenu kanituma salamu kwamba nawaua kwa karatasi. Leo nitajitahidi nyote mtoke hai."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi akatamani sakafu ipasuke immeze.

Lakini alivyoendelea kuongea, aibu ikamtoka, akajikuta anasikiliza kama hajawahi kusikiliza mtu. Hakuwa na karatasi mkononi. Mabadiliko ya mwaka huo yalikuwa matatu. Kwanza, kabla ya kupulizia nyumba wanamokaa watu, tangazo libandikwe kila mlango siku mbili kabla. Pili, taarifa ya dawa zilizotumika na zilizobaki stoo ipelekwe kila mwezi, si kila baada ya miezi mitatu tena. Tatu, unga wa njano wa kuulia mende umefutwa kwenye orodha, na mwenye nao aurudishe kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Waliponung'unika, hakuwakaripia. "Najua mnachoka," alisema. "Lakini hakuna mstari humu uliotungwa na mtu aliyekosa kazi. Huu wa tangazo, nyuma yake yupo bibi mmoja wa ghorofa ya nne. Alirudi sokoni mapema, hakuambiwa kitu, akajilalia chumbani kwake kilichokuwa kimetoka kupuliziwa. Alipona, ila mapafu yake si yale. Nilikaa naye hospitali siku mbili nikiandika maneno yake. Aliniambia, 'Mwanangu, wangenigongea tu mlango.' Basi ninyi, wagongeeni."

Fundi akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Yule bibi anajua kusoma?"

Bi Kanuni alimtazama, akamtambua, akasahau kutabasamu. "Hajui."

"Basi tangazo lenu la maneno sabini lingemsaidia nini?"

Watu wakageuka kumwangalia. Bi Kanuni akasema kwa sauti ile ile iliyotulia: "Hilo sikulifikiria. Ahsante. Ukitoka, nisubiri mlangoni."

Ndivyo ilivyoanza. Bosi gani hukiri kosa mbele ya watu mia tatu? Fundi alilitafakari swali hilo njia nzima, na jibu lake lilikuwa moja: huyu mwanamke ni wa peke yake.

Kwa majuma matatu walikutana mgahawa wa jirani na ofisi baada ya kazi, kuchora tangazo la picha. Fundi alichora mlango, bomba, na watu wanaotoka na mto na mtoto mgongoni. Bi Kanuni alifuta, akarudisha, akauliza, "Na asiyeona rangi nyekundu vizuri?" Fundi akachora upya. Picha ilipopitishwa itumike jimbo zima, Fundi alimpigia simu mchana kweupe kutoka darini mwa hoteli, barakoa shingoni.

"Nimeiona, imebandikwa hadi lango la hospitali!"

"Uko wapi? Mbona mwangwi?"

"Juu ya dari."

"Na unapiga simu? Shuka, roho yangu, utaanguka."

Neno lilikuwa limeshamtoka.

"Umesemaje?" Fundi akauliza.

"Nimesema shuka."

"La katikati."

"La katikati halimo kwenye kanuni," akasema, akakata simu huku anacheka mwenyewe, na mwenzake wa dawati la pili akamuuliza kama ana homa.

Kuanzia hapo hawakuficha. Jumapili walitembea bustanini, Fundi na suruali ya kaki, Bi Kanuni na viatu vya chini kwa sababu Fundi alikuwa na hatua ndefu. Walitaniana. Bi Kanuni alimwita "mkuu wa kunguni," naye Fundi akamwita "kifungu changu cha kwanza." Siku moja, katika mazungumzo, Fundi akasema, "Nina makopo mawili ya ule unga wa njano stoo. Nitayarudisha."

"Tarehe thelathini na moja ndiyo mwisho, mpenzi."

"Najua, najua. Yako juu ya rafu, hayana miguu."

Na kwa kuwa hayakuwa na miguu, yalibaki pale pale. Kazi zilimzidi, tarehe ikapita, Fundi akasahau kabisa.

Wiki ya pili ya mwezi wa nne mkaguzi ambaye Fundi hamjui aliingia stoo kwake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye rafu, akayashusha makopo mawili, akaandika. Leseni ikasimamishwa siku thelathini. Kazi ya bweni la wanafunzi wauguzi, ambayo Fundi aliiomba mwaka mzima, ikapewa mwingine.

Akampigia simu Bi Kanuni papo hapo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Mtu ameingia kwangu anajua rafu ya ngapi! Habari za yale makopo nilimwambia nani mwingine hapa duniani?"

Bi Kanuni alivuta pumzi. "Faili lako siwezi kulizungumzia. Hata na wewe."

"Juzi nilikuwa roho yako, leo nimekuwa faili."

"Usiseme hivyo, tafadhali."

"Sema basi, ndiyo au hapana."

"Sina ruhusa ya kujibu."

"Umeshajibu." Akakata.

Bi Kanuni alipiga mara mbili, Fundi hakupokea. Hakupiga mara ya tatu. Siku tisa zikapita. Fundi alizimaliza akisafisha mabomba ambayo tayari yalikuwa safi.

Siku ya kumi akarudi dada yake mkubwa, aliyekuwa amesafiri kumuuguza mama mkwe wake. Ndiye aliyemjazia fomu zote, kwani Fundi na maandishi hawakupatana. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama na begi lake mkononi, kisha akaliweka chini.

"Wewe mtoto, una akili kweli? Mimi ndiye niliyeandika."

"Uliandika nini?"

"Taarifa ya mwezi! Fomu mpya imeuliza: una dawa zilizofutwa? Nikaandika, ninazo, makopo mawili, rafu ya juu, kushoto. Ulitaka niidanganye serikali? Nikakuachia ujumbe mezani, rudisha makopo. Ujumbe wangu uko wapi?"

Ujumbe ulikuwa chini ya bomba. Fundi aliusoma, akaketi juu ya ndoo.

"Dada, nimemtukana mtu asiye na kosa."

"Yule wa gauni la kijani uliyekuwa unatupigia kelele zake kila siku?"

"Huyo huyo."

"Basi umekaa kwenye ndoo unangoja nini?"

Kesho yake ilikuwa siku yake ya kujieleza mbele ya Msajili wa leseni, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Fundi hakujitetea. Alisema makopo ni yake, uzembe ni wake, adhabu ni halali. Msajili akamtazama juu ya miwani.

"Kuna karatasi moja kwenye faili ambayo ni haki yako kuisikia. Iliandikwa siku kumi kabla ya ukaguzi." Akaisoma taratibu: "'Naomba nisishike faili la fundi huyu, wala la mpulizaji yeyote wa mjini, kwa kuwa wote ni washindani wake. Nampenda. Nikiogopa kumpendelea nitamwonea, na nikiogopa kumwonea nitampendelea. Yeye anastahili mkaguzi wa haki.'"

"Dawati la wapulizaji wa mjini alilijenga mwenyewe miaka sita," Msajili akaendelea. "Ameliacha kwa barua hii, sasa yuko nyuma huko, maabara ya sampuli. Taarifa yako ya mwezi hakuiona hata kwa jicho. Siku zako thelathini zinabaki palepale. Nenda."

Maabara ilikuwa mwisho wa uwanja, chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu kali ya sabuni. Bi Kanuni alikuwa amevaa aproni kubwa na buti za mpira, anabandika namba kwenye chupa. Alimwona, akaendelea kubandika.

"Nimesomewa barua," Fundi akasema.

"Vizuri."

"Kwa nini hukuniambia umeliacha dawati?"

"Nilipanga kukwambia Jumapili ya mwisho tulipotembea bustanini. Niliona aibu. Ungeuliza nimeandika sababu gani, nami nimeandika neno ambalo wewe mwenyewe hujaniambia." Akaweka chupa chini. "Halafu ukanipigia kelele. Hukuniuliza, ulihukumu. Mimi mtu akikosea mjini huwa namsikiliza kwanza, hata awe nani. Wewe ulininyima hicho."

"Nilikunyima. Nimekosa, na sina sababu ya kujisingizia."

"Bado nimekasirika."

"Kasirika. Nina siku ishirini sina kazi, nitakaa hapa hadi ziishe."

Midomo ya Bi Kanuni ilitikisika, akaizuia. Fundi akasogea hadi ukingo wa meza.

"Nakupenda. Ndilo neno lenyewe, nimechelewa nalo. Na sikupendi kwa kunibembeleza tu, nakupenda kwa hii barua iliyonikosesha mtetezi. Nataka unioe... nataka nikuoe. Unaona? Hata kusema sijui."

Hapo Bi Kanuni akashindwa, akacheka hadi akavua miwani ya maabara kufuta machozi. "Hayo si ya kuniambia mimi kati ya chupa za sumu," akasema. "Baba yuko nyumbani Jumamosi, saa nne. Na usije na maneno matamu, yeye alikuwa mkaguzi wa reli."

Jumamosi Fundi alifika na dada yake, suti ya kijivu. Walipoamkia, mzee aliitikia marahaba, akawaonyesha viti, akamwacha Fundi amalize glasi nzima ya maji kabla ya kuuliza.

"Nasikia ofisi ya binti yangu imekufungia leseni."

"Ndiyo, baba. Kwa haki."

"Na yeye hakukusaidia."

"Hakunisaidia, baba."

"Sasa unamtakia nini?"

Bi Kanuni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia mkononi. Fundi hakumtazama. Alimtazama mzee.

"Baba, kazi yangu watu huniachia funguo za nyumba zao wakatoka. Nimeishi kwa kuaminiwa, na nilidhani najua maana yake. Huyu binti yako alipendelea kupoteza dawati lake kuliko kumdhulumu mtu asiyemjua kwa ajili yangu. Mtu wa namna hiyo akinipa neno lake, mimi nitalala usingizi miaka yote iliyobaki."

Mzee aligongagonga mkono wa kiti kwa vidole. Kisha akageuka kuelekea jikoni.

"Mwanangu, sinia litakuvunja mikono. Lete, ukae hapa karibu na mwenzako, tuzungumze tarehe."