Folda ya Majaribio

Maiti ilikuwa bado kitanda namba sita, imefunikwa shuka jeupe, na juu ya kabati la pembeni ulikaa mkoba mdogo ulioshafungwa zipu kwa safari ya nyumbani. Marehemu alikuwa fundi cherehani, miaka thelathini na minne. Aliingia hospitalini Jumatatu kutolewa uvimbe tu, akamwambia mumewe asihangaike, Ijumaa atakuwa nyumbani. Ijumaa yenyewe ndiyo hii. Mumewe alikaa kwenye benchi la nje ameshika kandambili za mkewe, moja kila mkono, kama mtu aliyeambiwa amshikie mwenzake kidogo.

Inspekta alimsalimia, naye akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, Inspekta huyu, mfupi, asiyependa maneno mengi, na vifo vya hospitalini vilimkera kuliko vya barabarani. Barabarani walau watu hukimbia.

"Alikufaje?" alimuuliza muuguzi.

"Damu isiyo yake. Jumatano alimwagika damu nyingi kwenye upasuaji. Hapakuwa na muda wa kupima upya. Daktari akafungua faili kwenye kompyuta, likasema kundi A, akawekewa A. Kumbe dada wa watu ni O. Figo zikagoma, leo asubuhi moyo nao ukagoma."

"Nani aliyepima?"

Muuguzi alishusha sauti. "Mzee Darubini wa maabara. Lakini ameshakiri, afande. Anawasubiri."

Kazi imekwisha kabla ya chai ya saa nne! Sajini aliyefuatana na Inspekta akapeleka mkono kwenye pingu. Inspekta alimkata jicho, mkono ukarudi mfukoni.

Mzee Darubini alikuwa amevaa koti lake la kazi, amelipiga pasi, na mbele yake iliwekwa karatasi ya maelezo aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wa kupendeza. Alibakiza miezi minne astaafu. Miaka thelathini na moja alipima damu za watu humu ndani, na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole.

"Nimemuua mimi, binti yangu. Nipelekeni."

"Unakumbuka kukosea?"

"Sikumbuki."

"Sasa unakiri nini?"

"Kompyuta imeandika A. Mimi ndiye mwandishi. Mikono inatetemeka siku hizi."

"Nionyeshe kichupa."

Akafungua jokofu, akatoa kichupa chenye namba ya marehemu, 417. Kwenye lebo, kwa mwandiko ule ule, palikuwa na herufi moja nzito ya wino: O.

"Hapa ulipatia."

"Hapo nilipatia. Kwenye kuingiza ndiko nilikoteleza."

Inspekta aliinamia kibodi. Aliitazama kwa muda mrefu, hata Sajini akadhani anatafuta alama za vidole.

"Mzee, unaandika kwa vidole vingapi?"

"Kimoja. Hiki."

"A iko ncha ya kushoto huku. O iko ncha ya kulia kule. Kidole kimoja kitatelezaje safari ndefu hivyo?"

Mzee alitazama kibodi, akatazama kidole chake. Hakuwa amefikiria hilo, maana tangu asubuhi aliiamini mashine kuliko nafsi yake.

Sajini, ambaye ukimtoa kwenye pingu alikuwa hodari wa kompyuta, aliivalia njuga seva ya hospitali. Ilitumia programu iitwayo Kabati. Wodi zote ziliweka mafaili yao humo, kila mwenye kazi akayafungua kutoka chumbani kwake. Saa sita mchana Sajini alirudi na karatasi.

"Afande, Jumatatu saa tatu asubuhi faili 417 limeandikwa kutoka mashine ya Mzee. Herufi O. Jumanne saa nane na dakika kumi na mbili mchana limeandikwa tena. Herufi A. Halikuguswa kutoka humu ndani."

"Wapi?"

"Nje. Bila nywila. Mtu kaingia kama nyumbani kwao. Nimeifuatilia anwani ya mtandao. Ni ofisi ya kampuni iliyotengeneza Kabati."

Inspekta aliisoma karatasi mara mbili, kisha akauliza kitu kingine kabisa.

"Faili lilikuwa kwenye folda gani?"

"Inaitwa Majaribio."

"Majaribio? Majibu ya wagonjwa?"

Mzee Darubini alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Yule binti aliyekuja kutufungia programu ndiye aliyeiita hivyo. Alisema tujizoeze humo kwanza, akirudi atatutengenezea ya kweli. Hakurudi. Nasi tukaizoea, miaka miwili sasa."

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, zulia jipya, kiyoyozi kikali. Meneja aliwapokea kwa tabasamu la kukaribisha wateja.

"Kabati ni salama kabisa, afande."

"Nataka orodha ya kasoro zilizoripotiwa."

Tabasamu lilipungua. Orodha ilipotoka, kidole cha Inspekta kilishuka taratibu hadi taarifa namba 212. *Mtu aliye nje anaweza kufungua na kuandika mafaili bila nywila.* Tarehe yake ilikuwa ya miezi kumi na moja nyuma, na mbele yake neno moja: Imefungwa.

"Kwa hiyo mliliziba tundu hili?"

"Taarifa ilifungwa."

"Nimesikia. Tundu je?"

"Lilipangiwa toleo jipya. Mwezi wa kumi."

"Kwa hiyo liko wazi."

"Kitaalamu..."

"Nakuuliza kwa Kiswahili. Liko wazi au halipo wazi?"

Meneja alikunywa maji. "Liko wazi."

Taarifa ile ilifunguliwa upya mara tatu na mtu yule yule, naye meneja akaifunga mara tatu. Mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa Jumanne, saa nane na robo, dakika tatu baada ya O kugeuka A. Ilikuwa na kiambatisho. Inspekta alisoma maneno ya juu yake kwa sauti: "Nimebadilisha herufi moja kutoka hapa nilipokaa. Tafadhali itazame, nami nitairudisha."

"Ulikitazama?"

"Nilikuwa na kikao."

"Ulikifungua kiambatisho hiki?"

"Niliifunga taarifa tu."

"Nani aliyeandika?"

Kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, msichana mwembamba alikuwa ameshasimama. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu, na wenzake walimwita Panya kwa kuwa hakuna tundu lililompita. Leo hakuna aliyemtania.

"Kuna nini na lile faili?" aliuliza.

Inspekta alimkalisha kwanza. Kisha akamwambia, kwa maneno machache kadiri alivyoweza, habari za kitanda namba sita.

Msichana hakulia. Alikaa macho makavu, mikono mapajani, na kumbukumbu ikamrudia vipande vipande.

"Ilikuwa folda ya Majaribio," alisema. "Niliipa jina mimi. Niliweka wagonjwa wa uongo humo, namba tupu. Nikajua nagusa karatasi ya mchezo."

"Namba 417?"

"Lilikuwa faili la juu kabisa. Nikaandika A kwa sababu ndiyo herufi ya kwanza. Basi. Hakuna sababu nyingine, wallahi."

"Kwa nini ulifanya?"

"Miezi kumi na moja nasema kuna tundu, naambiwa naota. Nilitaka aone kwa macho yake. Nikaiacha ili aione. Kisha ningeirudisha. Nilikuwa namsubiri."

"Hukuwahi kurudi hospitalini kuondoa folda ile?"

"Niliomba. Wakapiga simu kule, nikaambiwa mteja hana malalamiko, basi nisirudi."

Inspekta alimgeukia meneja. Wote ofisini walikuwa wameacha kazi.

"Na wewe? Kisa?"

Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. "Ningekubali kuna tundu, ningelazimika kuwaandikia wateja wote mia tatu. Wangetukimbia kabla ya toleo jipya. Nilidhani hakuna atakayeligundua." Akajikaza. "Lakini mimi sikugusa faili la mtu, afande."

"Hukugusa chochote. Ndiyo shida yako. Nyanyuka, mtaeleza wote wawili mbele ya hakimu."

Sajini alishanakili mashine zote kwa ushahidi. Alipotoa pingu, msichana alinyoosha mikono, kisha akairudisha.

"Afande, nakuomba. Niachieni nilizibe kwanza. Hospitali nyingine zinaitumia."

Inspekta alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. Sajini akasimama nyuma ya kiti akiangalia kila alichoandika, na meneja akapeleka marekebisho kwa wateja wote mia tatu bila kuulizwa mara mbili. Inspekta alitazama saa yake. Dakika arobaini. Miezi kumi na moja, mke wa mtu chini ya shuka, kwa kazi ya dakika arobaini. Alitamani kupiga kitu teke, akajizuia.

Jioni alirudi maabara. Mzee Darubini alikuwa bado amekaa na koti lake la pasi. Inspekta alimwekea mezani ile karatasi ya maelezo.

"Chana, Mzee. Ulipima sawa, ukaandika sawa. Jina lako ni safi."

Akamweleza yote, kuanzia tundu hadi yule binti na ile herufi. Alitarajia kumwona akishusha pumzi. Mzee aliichukua karatasi, akaikunja, lakini hakuichana.

"Yule mwembamba? Aliyekuwa anakohoa?"

"Huyo huyo."

"Siku ile alifanya kazi hapa hata chakula hakula. Mpole sana. Wale wa kampuni walipiga simu baadaye. Wakauliza kama tuna malalamiko juu yake, folda haijamalizika na nini. Simu niliipokea mimi."

Inspekta alivuta kiti, akakaa.

"Nikaogopa watamkaripia mtoto wa watu," alisema Mzee Darubini. "Nikawaambia kazi yake ni nzuri, hatuna shida yoyote."